Pumzi Iliyofungwa Ndani ya Jiwe la Chokaa

Tarehe 22 Mei 2021, saa za usiku, mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukateremka mpaka pembeni mwa mji wa Goma. Siku zile, habari hizo zilipokuwa zikizungumzwa katika kila nyumba hapa Lubumbashi, mtoto mmoja wa shule alimwuliza mwalimu wake: "Mwalimu, na mlima wetu mweusi, utapasuka lini?" Wenzake wakaangua kicheko. Mlima aliousema ni kile kilima cheusi kilicho kando ya bomba refu la moshi, karibu na mto Lubumbashi. Na kila mtu wa mji huu ajua kwamba hakikutoka chini ya ardhi. Kilimwagwa na watu. Ni takataka ya tanuri ya shaba, ile ambayo wahunzi huiita mavi ya chuma, nayo ilianza kurundikwa hapo baada ya tanuri kuwashwa mwaka 1911.

Mwalimu alimjibu kwamba mlima ule hautapasuka kamwe, akaendelea na somo lake. Jibu lilikuwa la kweli. Lakini swali lile halikustahili kuchekwa, maana kati ya tanuri ya shaba na mlima wa moto mna udugu ambao ni watu wachache wanaoufikiri, na kiungo cha udugu huo ni jiwe la chokaa. Yale yanayolipata jiwe la chokaa likikutana na moto tanurini, yanafanana na yale yanayolipata chini ya milima ya moto, kilomita kadhaa chini ya miguu ya watu. Tena, kwa namna ya polepole zaidi, mambo ya jamii hiyohiyo yalitokea chini ya nchi yetu ya Katanga zamani sana, na bila hayo mji wa Lubumbashi usingalijengwa.

JIWE LENYE PUMZI

Mtu akitaka kuufahamu moto wa chini ya ardhi, na aanze na tanuri ya chokaa. Kule pwani waashi tangu kale hupanga magogo ya miti kwa mviringo, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakatia moto, wakangoja mpaka matumbawe yawe meupe na mepesi. Hapa kwetu chokaa imetoka kwa miaka mingi katika mawe ya Kakontwe, karibu na Likasi. Kwa pwani ni kuni na matumbawe, kwa Likasi ni mitambo na mawe ya kuchimbwa, lakini kazi ni moja. Jiwe huingia tanurini likiwa zito, hutoka likiwa jepesi. Ukipima kilo 100 za jiwe safi la chokaa kabla ya kulichoma, utatoa tanurini kilo 56 tu. Je, zile kilo 44 zimekwenda wapi? Hazikuwa maji, wala hazikuwa majivu. Zimetoka kwa namna ya hewa isiyoonekana wala kunuka. Ni hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa tukipumua, ileile inayopanda kwa povu chupa ya bia ifunguliwapo.

Kwa hiyo twaweza kusema bila kukosea kwamba jiwe la chokaa lina pumzi ndani yake, na pumzi hiyo si haba: yakaribia nusu ya uzito wake. Ilifungwa humo na bahari za zamani. Viumbe vidogo vya majini viliitwaa hewa ile iliyoyeyuka majini, vikaiunganisha na kalisi, vikajijengea magamba na maskani. Na vilipokufa, maskani zao zilirundikana sakafuni mwa bahari mpaka zikawa mwamba. Kuifungua tena pumzi hiyo katika tanuri ya wazi kwahitaji joto la yapata digrii 900. Asidi nayo huifungua, hata bila moto, na jambo hili tutalirudia.

Kabla ya kuondoka tanurini, tukumbuke neno moja. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haipendi kupanda ikishapoa. Hutambaa chini na kujaa mashimoni kama maji. Mchomaji chokaa mwenye busara hamruhusu kijana wake alale usiku wa baridi katika shimo lililo chini ya tanuri, hata kama pana joto zuri.

CHINI YA VESUVIUS

Sasa twende Italia, karibu na mji wa Naples, kwenye mlima Vesuvius, maana huko wataalamu wamelichunguza jambo hili kuliko karibu mahali pengine pote. Mawe yaliyoyeyuka, yakiwa bado chini ya ardhi, huitwa magma. Yakishatoka nje huitwa lava. Magma ya mlima ule, kabla ya kufika juu, hukaa na kupita katika tabaka nene za mawe ya chokaa na za dolomiti. Dolomiti ni ndugu wa jiwe la chokaa. Tofauti yake ni kwamba ndani yake mna magnesi pamoja na kalisi. Joto la magma ni la digrii 1,000 na zaidi. Basi mtu atadhani kwamba mawe yale yote hugeuka chokaa nyeupe, kama katika tanuri ya Likasi.

La, sivyo. Katika tanuri, pumzi ya jiwe ina mlango wazi wa kutokea. Chini ya ardhi, uzito wa milima umekaa juu yake kama kifuniko cha chungu kilichowekewa jiwe. Jiwe la chokaa lililo safi, likipata joto huku limebanwa hivyo, halivunjiki. Hujipanga upya tu. Chembe zake ndogo huungana zikawa kubwa, zenye kumetameta kama sukari, na magamba ya viumbe yaliyokuwa yakionekana ndani yake hupotea. Huo ndio mwamba tuuitao marumaru.

Lakini mawe yaliyo safi kabisa ni machache. Mengi yana mchanga na udongo ndani yake. Zaidi ya hayo, magma inapopoa hutoa maji yenye moto mkali, yaliyobeba silika, ambayo ndiyo kiini cha mchanga mweupe, pamoja na chuma na madini mengine. Maji hayo hujipenyeza katika nyufa za mwamba wa jirani. Hapo ndipo mabadiliko makubwa yatokeapo, kwa sababu kalisi ikikutana na silika katika joto, huiachilia pumzi yake na kushikamana na silika. Kazi hii yaweza kuanza kwenye joto la digrii 600 hivi, chini sana ya lile la tanuri ya chokaa. Huzaliwa mawe mapya: wolastoniti nyeupe, garneti nyekundu na za kahawia, na mengine mengi yasiyo na jina katika lugha yetu. Mchanganyiko wake huitwa skarni. Ni neno la wachimbaji wa zamani wa Sweden, nao walimaanisha takataka tu. Walikuwa wakitafuta chuma, na mawe hayo yaliwasumbua. Leo mambo yamegeuka. Mtaalamu akiona skarni hufurahi, maana mara nyingi kando yake pana chuma, shaba, zinki au dhahabu.

Mtu atauliza: nani ameshuka huko akayaona hayo? Hakuna aliyeshuka. Mlima wenyewe umeyatapika. Katika majivu ya Vesuvius, na hasa katika ukuta wake wa kale uitwao Monte Somma, hupatikana vipande vya marumaru na skarni vilivyong'olewa chini na kurushwa nje. Watu wa Naples walivikusanya tangu zamani, na baadhi ya madini yaliyomo yalikuwa hayajapata kujulikana popote duniani. Moja, vesuvianiti, lilipewa jina la mlima wenyewe mwaka 1795. Jingine, forsteriti, lilielezwa mwaka 1824. Ni jambo la kupendeza kwamba mlima ulioiangamiza Pompeii mwaka 79 ndio uliowapa wataalamu kabati lao bora la mawe.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo la hatari zaidi. Mara nyingine magma haitosheki na kuupasha moto ukuta wa chokaa. Huumega na kuumeza. Wataalamu walitaka kujua umezaji huo huchukua muda gani. Walitwaa lava ya mlima Merapi, ulioko kisiwa cha Jawa huko Indonesia, pamoja na jiwe la chokaa la nchi ileile, wakaviweka katika chombo kidogo chenye mgandamizo mkubwa na joto la digrii 1,200. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2010. Hawakungoja miaka, wala siku. Jiwe lilianza kuyeyuka na kutoa mapovu katika muda wa sekunde na dakika chache.

Mapovu hayo ndiyo yanayotutia hofu. Magma yenye hewa nyingi ni kama chupa ya bia iliyotikiswa. Hatuwezi kusema kwamba chokaa peke yake ndiyo hupasua milima, maana nguvu kubwa ya mlipuko hutokana na maji yaliyomo ndani ya magma, na kueneza habari zilizopita kiasi si kazi ya gazeti. Lakini chokaa iliyomezwa ghafula huongeza hewa upesi, pengine upesi kuliko dalili tunazozitegemea ili kuwaonya watu. Mwezi wa Mei 2006 tetemeko kubwa la nchi lilitokea karibu na Yogyakarta, kusini ya Merapi, wakati mlima ulipokuwa umekwisha kuanza kutoka moto. Baada ya tetemeko mlima ukazidi ukali. Wataalamu waliopima hewa zake walikuta alama ya chokaa imeongezeka.

Alama hiyo hutambulikana hivi. Kaboni iliyo katika hewa ya ukaa ni ya aina mbili, nyepesi na nzito. Chokaa ya bahari ina ile nzito kwa kiasi kidogo zaidi kuliko pumzi itokayo katika kina kirefu cha dunia. Kwa hiyo mtaalamu mwenye chupa ya hewa na mizani zake nyororo aweza kusema: hii ni ya chini kabisa, na hii imetoka katika jiwe.

KOSA LILILOSAHIHISHWA AFRIKA YA MASHARIKI

Wataalamu nao hukosea, na kosa moja kubwa katika mambo haya lilisahihishwa karibu na kwetu. Mwaka 1910 Reginald Daly, mtaalamu mashuhuri wa Amerika ya Kaskazini, alifundisha kwamba lava za namna ya pekee, zenye sodi nyingi na silika chache, huzaliwa magma inapomeza mawe ya chokaa. Wengi walimfuata. Na mawe meupe yanayofanana na chokaa, yaliyokutwa katikati ya milima ya moto iliyokufa, wengine walisema ni vipande vya chokaa ya kawaida vilivyoinuliwa kutoka chini.

Mwaka 1960 mtaalamu aitwaye Dawson alishuka ndani ya kasoko ya Oldoinyo Lengai, mlima wa Wamasai ulioko kaskazini ya Tanganyika. Aliona lava nyeusi ikitiririka kama matope. Ilipopimwa ilionekana kwamba karibu yote ni kabonati ya sodi na kalisi. Silika haikuwamo ila kidogo mno. Joto lake ni digrii 500 mpaka 600 tu, nusu ya lava nyingine, na ikikaa siku chache hewani na unyevunyevu hugeuka nyeupe. Habari ilitangazwa mwaka 1962. Tangu hapo hakuna aliyeweza kukana kwamba kabonati nyingine haikuzaliwa na bahari yo yote, bali imepanda yenyewe kutoka chini kabisa, ikiwa imeyeyuka. Mawe ya Tororo huko Uganda, ambayo saruji nyingi imetengenezwa kwayo, ni ya namna hiyo; kadhalika kilima cha Lueshe katika nchi ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mwashi anayejenga kwa saruji ya Tororo anajenga kwa tumbo la mlima wa moto, wala hajui.

Basi twajifunza kutofautisha. Jiwe la kabonati laweza kuwa mtoto wa bahari, kama lile la Kakontwe, au mtoto wa magma, kama la Tororo. Kwa macho hufanana. Alama ya kaboni ndiyo inayoyatenga.

MAZUKU

Hapo twarudi Goma, maana swali la mtoto lilianzia huko. Hewa ya ukaa itokayo ardhini chini ya Nyiragongo na Nyamulagira hasa ni ya kina kirefu, si ya chokaa. Lakini kwa mapafu ya mwanadamu hakuna tofauti. Watu wa Goma na wa Sake huyaita mazuku mabonde madogo na mashimo ambamo hewa hiyo hukusanyika, nao wamezika ndugu na mifugo kwa sababu yake. Mahali pengine majani hunyauka. Mahali pengine huonekana ndege na panya waliokufa, wala hakuna jeraha.

Hatari huzidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia na jua halijapasha hewa joto. Mtu mzima akisimama aweza kupita salama, na mtoto aendaye kando yake akaanguka, kwa sababu hewa mbaya imefika kiunoni mwa mkubwa na kichwani mwa mdogo. Anayeinama kufunga kamba ya mbuzi aweza asiinuke. Hewa ikiwa na ukaa kumi kwa mia, mtu huzimia katika dakika chache. Na jambo la kuhuzunisha kuliko yote ni kwamba aliyeanguka hufuatwa na ndugu yake mwenye huruma, naye akaanguka juu yake. Wenye jamaa huko na wawaandikie hivi: msipige kambi wala kujenga katika vishimo vya lava ya zamani, msiwatume watoto kuchota maji au kuokota kuni mabondeni kabla ya jua kupanda, na aliyeanguka shimoni avutwe kwa kamba na watu waliosimama juu. Wakimbizi wa vita, ambao hawakuizoea nchi ile, wamewahi kupiga kambi karibu na mahali pa namna hiyo, katika njia ya kutoka Goma kwenda Sake. Kwao neno hili si somo la shule.

MAJI MOTO YA KATANGA

Je, na sisi? Goma iko mbali nasi zaidi ya kilomita 1,000, na Katanga haina mlima wa moto ulio hai. Katika nyanda za Kundelungu mna mabomba machache ya mwamba uitwao kimberliti, ambayo ni makoo ya milima midogo ya moto iliyozimika zamani sana. Hayo si yaliyotupa shaba. Shaba yetu ililetwa na maji.

Zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, mahali hapa tunapokaa palikuwa na bahari isiyo na kina, yenye jua kali. Viumbe vidogo mno vilijenga sakafuni mwake matuta ya mawe, tabaka juu ya tabaka, na umbo lake laonekana mpaka leo katika migodi. Maji yalikauka mara kwa mara yakaacha chumvi. Kisha mchanga na udongo vilifunika yote kwa maelfu ya mita. Maji yaliyobaki chini yalikuwa na chumvi nyingi, nayo yalipata joto, si la magma, bali la kina chenyewe. Maji ya namna hiyo ni mwizi hodari. Hupita katika mwamba wa chini yakiiba shaba na kobalti chembe kwa chembe, hupanda kwa nyufa, na yakifika katika dolomiti na katika matope meusi yenye salfa, huitua mizigo yake.

Twajuaje joto la maji yaliyopita zamani hivyo? Jiwe likikua ndani ya maji, hufunga matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Ndani ya kila tone mna povu dogo, lililotokea tone lilipopoa. Mtaalamu hukata kipande chembamba, hukiweka chini ya darubini, hukipasha moto polepole na kutazama. Digrii ambayo povu hutoweka humwambia maji yalikuwa na moto usiopungua kiasi gani yalipofungwa. Kwa njia hii walipima mawe ya Kamoto, karibu na Kolwezi, na ya Luiswishi, isiyo mbali na Lubumbashi. Walikuta safari mbili za maji. Ya kwanza ilikuwa ya digrii 115 mpaka 220. Ya pili, iliyokuja wakati nchi ilipokuwa ikikunjwa kuwa milima, ilikuwa ya digrii 270 mpaka 385, na chumvi yake ilipita mara kumi ile ya bahari ya leo.

Mwamba haukubaki kama ulivyokuwa. Mahali pengi silika iliingia ikaifukuza kabonati, hata matuta ya viumbe vile yakageuka jiwe gumu lenye vitundu kama sega la nyuki. Mahali pengine maji yaliila dolomiti na kuweka madini papo hapo, kama mtu anayetoa tofali ukutani na kutia jingine. Mfano ulio bora ni Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, mpakani mwa Zambia. Wenyeji walikuwa wakichimba shaba pale kabla ya wageni kufika. Mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 1924, ukafungwa mwaka 1993, ukafunguliwa tena mwaka 2024. Mwamba wake ni ule ule wa jamii ya Kakontwe, unaochomwa chokaa kule Likasi. Kwa Likasi umebaki chokaa. Kwa Kipushi, kando ya ufa mkubwa wa ardhi, maji moto yameujaza zinki, shaba, risasi, na chuma adimu kiitwacho jemaniamu, ambacho hutumika katika nyuzi za kioo zipelekazo habari na katika miwani ya kuonea gizani.

Maji moto ya Katanga hayajaisha yote. Kule Kiabukwa, katika bonde la Upemba, chemchemi yenye joto la digrii 91 ilitumiwa tangu mwaka 1952 kuendesha mtambo mdogo wa umeme, wa kilowati 200 hivi, kwa ajili ya mgodi wa bati. Ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika Afrika. Haukudumu miaka mingi, na kwa maoni yetu ni hasara kwamba vijana wachache tu wamepata kusikia habari zake.

Imebaki malakiti, lile jiwe la kijani tunalolijua sote. Lilikuja mwisho kabisa, karibu na uso wa nchi. Mvua iliingia katika madini ya shaba na salfa. Salfa ikageuka asidi. Asidi ikaila dolomiti na kuifungua pumzi yake. Na shaba, ikikutana na pumzi ile, ikaifunga upya. Kwa hiyo katika malakiti ya Kalukuluku, mgodi wa kwanza wa mji wetu, mna pumzi iliyotoka katika bahari ya kale. Wale mafundi wa zamani walioitwa walaji wa shaba, waliposokota mivuo yao na kumimina misalaba ya shaba, waliifungua tena pasipo kuijua.

MAWE MATATU MEZANI

Sasa twaweza kurudi kwenye kilima cheusi. Katika tanuri ya Lubumbashi madini yaliingia pamoja na mwamba wake wa dolomiti na silika. Wayeyushaji wa shaba, ikihitajika, huongeza na mawe ya chokaa, ili takataka iyeyuke vizuri na kuelea juu ya shaba. Kalisi na magnesi huachilia pumzi, hushikamana na silika, hutoka kama uji mwekundu wa moto, hupoa na kuwa jiwe jeusi. Ni kazi ileile iliyozaa skarni chini ya Vesuvius, iliyofanywa kwa saa chache. Madini ya Kipushi nayo yaliyeyushwa hapa kwa miaka mingi. Jemaniamu yake nyingi ilitupwa pamoja na takataka. Leo kilima kinachimbwa kama mgodi, na mwaka 2024 mzigo wa kwanza wa jemaniamu iliyotolewa humo ulisafirishwa kwenda Ulaya.

Yule mwalimu, baada ya majuma machache, alilirudia swali la mtoto. Aliweka mezani mawe matatu: la chokaa kutoka Likasi, la malakiti, na kipande cha mavi ya chuma. Aliyasaga kidogo kidogo, akawaonya watoto wasiyaguse kisha wale bila kunawa, akamwaga juu ya kila unga matone ya siki kali. Chokaa ikachemka kwa povu. Malakiti ikatoa povu dogo, na siki ikaanza kuwa na rangi. Unga mweusi ukanyamaza.

"Hili limekwisha kutoa pumzi yake," akasema mwalimu.

"Imekwenda wapi?" akauliza mtoto yuleyule.

Mwalimu akafungua dirisha, akawaonyesha bomba la moshi.